Maji Hayakimbii: "Run" Mezani kwa Mtafsiri

Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, katika marekebisho yaliyotangazwa mwaka 2011, ilikipa kitenzi "run" maana 645. Mhariri aliyekabidhiwa kazi hiyo, Peter Gilliver, alikaa na neno hilo moja miezi tisa. Kabla yake taji lilikuwa la "set", ambalo katika toleo la 1989 lilikuwa na maana zipatazo 430 na maelezo ya maneno 60,000 hivi. Ni habari tamu za kusimulia, ila hazimsaidii kitu mtu anayetafsiri fomu ya kituo cha afya pale Kisumu, au mwongozo wa pampu kwa wakulima wa mpunga wa Ahero. Huyo ana swali moja tu: kinachosemwa hapa ni kitu gani, na kwa kawaida sisi husema kitu hicho kinafanya nini?

Kukimbia kwa miguu ndiyo maana ya kwanza tunayofundishwa shuleni, na ndiyo inayotokea kwa nadra kwenye karatasi za kazi. Ukiondoa habari za riadha kutoka Iten na Kapsabet, unaweza kutafsiri wiki nzima usikutane na "run" ya miguu hata mara moja. Asili yake inaeleza kwa nini. Wajerumani mpaka leo wana vitenzi viwili ndugu, "rennen" kwa mbio na "rinnen" kwa maji yanayotiririka. Kwa Waingereza, mbio na mtiririko vimo ndani ya neno moja tangu zamani. Kwa hiyo mto, pua na rangi ya nguo vinashiriki kitenzi na mwanariadha, na baadaye wakaongeza mashine, biashara, mikataba na vifungo vya jela. Kinachoviunganisha ni mwendo usiokatika. Kiswahili hakina neno moja la kubeba yote hayo, na anayelitafuta anajisumbua bure, maana kila kitu hapa kina kitenzi chake.

Tuanze na maji, kwa sababu ndipo Kiswahili kinapokizidi Kiingereza kwa mbali. Maji ya mto yanatiririka: yanashuka mfululizo, mengi au machache. Yakitoka kwa mstari mwembamba kwenye bomba, au damu kwenye kidonda, yanachuruzika. Machozi yakishuka shavuni, au mvua ikifuata ukuta, hapo ni kuchirizika. Chemchemi inabubujika kutoka chini. Paa na mtungi huvuja, yaani maji yanapita pasipotakiwa. Chai iliyosahauliwa jikoni inafoka. Mwingereza angeweza kutumia "run" katika mengi ya hayo akakuachia wewe upime. Basi usikurupuke kuandika "tiririka" kila mahali. Uliza kwanza kiasi, kisha maji yanatoka wapi, kisha kama yametakiwa yatoke.

Halafu kuna "running water", yenye maana mbili zinazoweza kuharibu karatasi nzima. Kwenye dodoso la kaya, "Do you have running water?" inauliza kama nyumba ina maji ya mfereji. Mkazi wa Nyakach anayeishi kando ya mto akiulizwa "Je, mna maji yanayotiririka?" atajibu ndiyo, tena bila kudanganya, na jibu lake litahesabiwa pamoja na ya wenye mabomba jikoni. Kwenye maelezo ya kunawa mikono, maneno yaleyale hayadai bomba. Yanachotaka ni maji yapite juu ya mikono na kuondoka na uchafu, badala ya watu watano kutumbukiza mikono katika beseni moja. Tafsiri nzuri hapo ni "nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20 au zaidi". Na kwa mtu asiye na mfereji, ongeza neno ambalo tayari analo: kibuyu chirizi.

Jina hilo linastahili pongezi. Aliyelibuni hakuhangaika na Kiingereza, alitazama maji yanavyotoka. Chombo chenyewe ni mtungi wa lita 5 uliotobolewa kwa msumari wa moto upande wa mbele, chini kidogo ya shingo. Kijiti kinapita kwenye mkono wa mtungi na kulala juu ya nguzo mbili zenye panda. Kamba inafungwa shingoni na kushuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga mtungi unainama, maji yanachirizika. Ukiachilia unarudi wima na maji yanakatika. Maji yajazwe yasipite usawa wa tundu. Yakipita, yatajitokea yenyewe usiku kucha na asubuhi mtakuta matope chini na mtungi umepungua. Na tundu likiwa kubwa mno, watoto watatu tu wanaumaliza. Mwongozo unaoandika "maji yanayokimbia" katikati ya maelezo kama haya unamfanya msomaji acheke pale alipotakiwa kunawa.

Kutoka mikononi twende tumboni. "Running stomach" ni Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki. Daktari mgeni huenda akakodoa macho. Kwa Kiswahili ni kuhara au kuharisha, na mitaani watu husema tumbo linaendesha, au kwa ufupi "anaendesha". Hapo pana mtego, kwa sababu "endesha" ndiyo hiyohiyo tunayoitumia kwa gari, biashara na taasisi. "Anaendesha hospitali" ni mkurugenzi. "Anaendesha hospitalini" ni mgonjwa. Kiambishi -ni peke yake ndicho kinachomtenganisha mwenye ofisi na anayetafuta choo, na mashine za kutafsiri hazina aibu ya kuvichanganya. Katika maandishi ya afya andika "kuhara" na uache "kuendesha" kwa mazungumzo.

Tena usiishie kwenye neno. Muuguzi akiuliza "Mtoto anahara?" kila mama ana kipimo chake. Kipimo kinachotumika kitabibu ni choo cha majimaji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24, kwa hiyo swali liwe: "Tangu jana wakati kama huu, mtoto amepata choo cha majimaji mara ngapi?" Kama kuna damu, hiyo ni kuhara damu, na inaandikwa peke yake kwa sababu matibabu yake ni mengine. Kwenye maelezo ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kumrudishia anayehara maji mwilini, taja kwamba pakiti inayeyushwa katika kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Zipo za nusu lita na za lita nzima, na ukikariri kipimo kimoja utampa mtoto mchanganyiko mkali mno au dhaifu mno. Zinki nayo huendelea kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Kwa Kiingereza kozi hiyo inaweza kuelezwa kwa "run" pia. Sisi tuseme dawa "itumiwe" siku hizo zote.

Mafua ni rahisi: mtoto anatokwa na makamasi. "Running a temperature" ni kuwa na homa, basi. "Run some tests" ni kufanya vipimo. "It runs in the family" inahitaji uangalifu, kwani wengi huandika "ugonjwa wa kurithi" na kufunga faili. Ugonjwa wa seli mundu, unaoonekana sana huku magharibi mwa Kenya, ni wa kurithi kweli: mtoto anaupata kwa kupokea jeni kutoka kwa wazazi wote wawili. Kisukari cha ukubwani na shinikizo la damu huonekana katika koo fulani kuliko nyingine, lakini chakula, uzito na maisha ya nyumba moja vina mkono humo. Kwenye fomu andika tu, "Kuna mtu wa ukoo wenu aliyewahi kuugua kisukari?" Daktari ataamua kilichorithiwa.

Kwenye mashine kosa halichekeshi tena, linaunguza. Chukua onyo la pampu ya maji: "Do not run dry." Wengi huandika "Usiwashe pampu kabla ya kuijaza maji." Ni kweli, ila ni nusu. Kiingereza hakizungumzii kuwasha peke yake, kinazungumzia muda wote ambao pampu inazunguka. Maji yanayopita ndani ndiyo yanayopoza na kulainisha sili, kile kizibo kinachozuia maji yasivuje kwenye shafti, yaani mhimili unaozunguka. Mfereji ukikauka katikati ya umwagiliaji na pampu ikaendelea, sili inaungua, na kesho yake maji yanavuja shaftini hata ukikaza nati namna gani. Kwa hiyo hapa sentensi moja ya Kiingereza inazaa mbili: "Jaza pampu maji kabla ya kuiwasha. Maji yakikatika, izime papo hapo." Usiogope kuandika mbili. Anayelipa kwa idadi ya maneno atanung'unika, ila atakuwa na pampu nzima.

Mfano mwingine uko kwenye mota ya umeme wa fezi moja, zile za vinu vidogo vya kusaga posho. Mota ya aina hiyo inaweza kuwa na kapasita mbili, vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme, na kwenye michoro moja imeandikwa "start", nyingine "run". Ya kwanza inaipa mota msukumo wa kuondoka mahali iliposimama. Mota ikifikia kama robo tatu ya kasi yake, swichi ya ndani inaikata. Ya pili haikatwi, inabaki kwenye saketi muda wote mota inapozunguka. Ukiiita "kapasita ya kukimbia" fundi mwanafunzi hajifunzi kitu, pengine atadhani inahusu kasi. Ziite "kapasita ya kuwashia" na "kapasita ya muda wote", tofauti yenyewe imo ndani ya jina. Ya kuwashia haikuundwa kukaa na umeme kwa dakika nyingi. Iweke mahali pa mwenzake, itachemka, itavimba, na mara nyingi itapasuka. Ukizibadilisha upande mwingine, mota inanguruma bila kuzunguka mpaka nyaya zinaanza kunuka. Thamani zimeandikwa ubavuni kwa maikrofaradi, na kwa kawaida ya kuwashia ina namba kubwa zaidi. Kabla ya kushika yoyote, hakikisha umeme umezimwa na kapasita imemalizwa chaji. Mafundi wengi wa Nakuru na Kisumu watazitaja kwa Kiingereza hata ukiwaandikia vipi, na hakuna ugomvi. Jina la Kiswahili ni la kufundishia.

Injini ya gari iliyowashwa inanguruma. Kwa tangazo la kituo cha mafuta inatosha "Zima injini". Hakuna sababu ya kuzunguka na "usiache injini ikiendelea kukimbia". Kwenye simu na kompyuta, programu inaendeshwa, amri inatekelezwa, na "runs on Android" ni "inafanya kazi kwenye simu za Android". Wanaotumia "tekeleza" kwa yote matatu wanafanya simu izungumze kama hansadi ya bunge.

Sasa mahakamani, ambako "run" inapimwa kwa miaka ya mtu. Mshtakiwa amepatikana na hatia kwa makosa mawili, akahukumiwa miaka 3 kwa moja na miaka 5 kwa jingine. Hakimu anamalizia kwa "to run concurrently" au "to run consecutively". Ya kwanza: vifungo vinatumikiwa kwa wakati mmoja, jumla miaka 5. Ya pili: kimoja kinaanza kingine kikiisha, jumla miaka 8. Mkalimani anayesema "vifungo vitafuatana" ameleta utata, maana vitu vinavyofuatana vinaweza kuwa vinaandamana bega kwa bega, na ndugu walioketi nyuma wanatoka wakihesabu vibaya. Sema "kwa wakati mmoja" au "kimoja baada ya kingine", na ikiruhusiwa taja jumla. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai ya Kenya kinafanya kimoja baada ya kingine kuwa ndiyo kanuni, isipokuwa mahakama iagize vinginevyo. Hakimu akinyamaza, basi, mkalimani asijaze pengo kwa huruma. Kifungu cha 333(2) nacho kinataka muda aliokaa rumande uzingatiwe, na hapo "the sentence runs from" inakuwa "kifungo kinahesabiwa tangu".

"Time begins to run" katika madai ni hesabu ileile. Muda unaanza kuhesabiwa siku mkataba ulipovunjwa au siku ya ajali, si siku ulipopata wakili. Kwa Kenya ni miaka 6 kwa mkataba, miaka 3 kwa madhara kama ya ajali, na 12 kwa kudai ardhi. Nimewahi kusoma tafsiri iliyosema "muda unaanza kwenda mbio". Mteja aliyeisoma hiyo angejua kwamba ana haraka, asijue ana siku ngapi.

Na kwa wenye vipande vidogo vya shamba Kisii na Kakamega, lipo la "runs with the land". Ni haki au wajibu unaolifuata shamba lenyewe, si aliyeliuza: mathalani haki ya jirani kupitisha ng'ombe kwenye kijia hadi mtoni. Andika, "Haki hii inabaki juu ya shamba hata likiuzwa au kurithiwa." Mpaka wenyewe, ambao Kiingereza husema nao una-"run", kwa Kiswahili unasimuliwa kwa hatua: unaanzia kwenye jiwe la mpaka, unafuata ua wa minyaa, unakata mfereji, unaishia mtoni. Barabara ni vilevile. A8, iliyokuwa A104, ikitoka Nairobi inapita Nakuru na Eldoret hadi Malaba. Vyombo vya usafiri vina safari: feri ya Luanda Kotieno kwenda Mbita "huondoka" kila baada ya muda fulani, na msafiri anachotaka kujua ni saa ya kuondoka.

Barabarani pia kuna taarifa za ajali, ambazo bima huzisoma kwa miwani. "Run into" ni kugonga. "Run over" ni kukanyaga, yaani magurudumu yamepita juu ya mtu au mnyama. Aliyegongwa akarushwa kando hakukanyagwa, na majeraha ni tofauti. "Hit and run" ni kugonga na kutoroka. "Ran off the road" ni gari kuacha barabara. Na "runaway lorry" ya mteremko wa Salgaa si lori lililotoroka. Ni lori lililokosa breki, mara nyingi kwa sababu dereva ameondoa gia kwenye mteremko akitaka kuokoa mafuta. Injini haimsaidii tena kulizuia, mzigo wote unaangukia breki, zinapata moto na kukosa kushika. Neno "kutoroka" linamfanya msomaji atafute dereva aliyekimbia, kumbe pengine naye amelala chini ya lori lenyewe.

Siasa ina misamiati iliyokwisha kutulia: kugombea au kuwania kiti, mgombea, mgombea mwenza. Inafurahisha kwamba Mmarekani husema "run" kwa kiti na Mwingereza husema "stand". Kiswahili kina "kusimama" pia, kwa hiyo unaweza kumsimamisha Mmarekani bila dhambi. Tatizo ni "run-off". Chini ya Katiba ya 2010, mgombea urais hushinda akipata zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na asilimia 25 katika kaunti zaidi ya nusu, yaani 24 kati ya 47. Asipopatikana, ibara ya 138 inataka uchaguzi mwingine ndani ya siku 30 baada ya ule wa kwanza, na hiyo ndiyo duru ya pili. Ule wa Oktoba 26, 2017 haukuwa duru ya pili. Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta uchaguzi wa Agosti 8, na ibara ya 140 ikaleta uchaguzi mpya ndani ya siku 60: marudio. Mwaka ule vyumba vya habari vilichanganya maneno hayo mawili, na wasikilizaji wa Kondele, Kisumu, ambao waliyafuata mambo hayo kwa karibu kuliko watangazaji, hawakusita kuwasahihisha.

Yaliyobaki hayahitaji maelezo marefu. "Run out of" ni kuishiwa: tumeishiwa na unga, ameishiwa na salio. Leso mpya inayotoa rangi inachuja, ifuliwe peke yake kwa maji baridi. "Running late" ni kuchelewa, na "running battles" za magazeti ni makabiliano ya kukimbizana, mojawapo ya mahali pachache ambapo miguu imo kweli. Kwenye kriketi watangazaji wamezoea "mikimbio", na mchezo huo una kichekesho chake: mpira ukigusa ardhi na kufika kwenye mpaka wa uwanja, mpigaji anapewa mikimbio 4, ukivuka hewani bila kugusa chini, mikimbio 6, na mara zote mbili hakulazimika kusogeza hata hatua moja.